Uzi maalumu: Saraundi ndani ya gari, kuanzia chanzo cha muziki hadi muda wa kila spika

fundi_waya

Wakuu, maswali ya saraundi (sauti inayokuzunguka pande zote) kwenye magari yamekuwa mengi na majibu yametawanyika kila kona. Tuyaweke hapa pamoja.

Naanza na lile linalowagharimu watu fedha nyingi zaidi: kuongeza spika hakuleti saraundi. Gari lenye spika kumi zinazopiga kitu kilekile, kila moja kwa wakati wake, lina makelele tu. Saraundi inataka kila spika ipewe sehemu yake ya muziki, na sauti zote zifike sikioni kwa muda na nguvu inayostahili. Ukifanikisha hayo, spika tano na sabufa moja zinatosha kabisa.

Kikwazo kikubwa cha gari ni kiti. Sebuleni unakaa katikati ya spika. Kwenye gari la usukani wa kulia, sikio la dereva lipo kama sm 90 kutoka spika ya mlango wa kulia na kama sm 135 kutoka ya kushoto. Sauti husafiri takriban sm 34.5 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ya kulia inakutangulia kwa milisekunde 1.3. Kwa ubongo huo ni muda mrefu: mwimbaji anaonekana amekaa kwenye kioo cha upande wako. Ukisukuma balansi kushoto unasawazisha nguvu, lakini muda unabaki palepale. Ndiyo maana balansi peke yake haijawahi kutibu.

Dawa ni kuchelewesha spika za karibu. Unahitaji redio yenye mpangilio wa muda kwa kila spika, au DSP (kichakataji cha sauti cha kidijiti) ya kujitegemea. Weka siti unapoendeshea, chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya koni hadi usawa wa masikio. Spika iliyo mbali kuliko zote inapewa sifuri. Kwa nyingine zote, chukua umbali wa ile ya mbali, toa umbali wa spika husika, gawanya kwa 34.5, unapata milisekunde (ms). Mfano wa gari la familia lenye sabufa kwenye buti:

Sabufa, sm 190: 0 ms
Mbele kushoto, sm 135: 1.6 ms
Nyuma kushoto, sm 125: 1.9 ms
Ya kati juu ya dashibodi, sm 100: 2.6 ms
Mbele kulia, sm 90: 2.9 ms
Nyuma kulia, sm 80: 3.2 ms

Hizo ni namba za kuanzia. Zima ya kati na za nyuma, piga rekodi ya sauti ya mtu mmoja akiongea katika mono (kushoto na kulia kitu kimoja), kisha songesha mbele kulia kwa hatua ndogo hadi sauti isimame katikati ya dashibodi na iwe nyembamba. Ikiwa imetawanyika kama inatoka pande mbili, bado hujafika. Ikiwa haina mahali kabisa na besi imekwisha, spika moja imeungwa kinyume. Geuza chanya na hasi yake kabla ya kugusa namba nyingine yoyote.

Sabufa usiiamini futi kamba. Kichujio chake kinaongeza ucheleweshaji wake chenyewe, kwa hiyo malizia kwa sikio: piga toni ya Hz 80, washa sabufa pamoja na milango ya mbele, jaribu fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti) 0 na 180, kisha songesha muda hadi sauti iwe kubwa kuliko zote ukiwa umekaa kwenye kiti.

Mpenda_Rumba

Shukrani mkuu. Swali langu ni la chanzo. Nina redio ya Android ya inchi 9 yenye DSP ndani na muziki napiga kutoka kwenye simu kwa Bluetooth. Naona albamu zimeandikwa Dolby Atmos, ule mfumo wa saraundi. Je, redio inapokea chaneli zote?

chaneli_sita

Hapana, kaka. Bluetooth inayotumika kupeleka muziki kwenye redio za magari inabeba chaneli mbili tu, iwe kwa ubanaji wa SBC, AAC au LDAC. Hata wimbo uwe wa Atmos, simu inaubana kuwa stirio kabla haujatoka. Unachosikia nyuma ni stirio iliyonakiliwa.

Chaneli sita halisi (5.1, yaani spika tano na sabufa moja) zinafika kwa njia chache. DVD ya muziki ya kawaida ina saraundi iliyobanwa ya Dolby Digital, hadi kbps 448, au DTS. DVD-Audio ina chaneli sita zisizopoteza kitu, hadi biti 24 na kHz 96. Acura TL ya 2004 ndilo gari lililoifanya ijulikane barabarani, kwa mfumo aliousimamia mhandisi wa muziki Elliot Scheiner. Pia unaweza kuweka faili za FLAC (zilizobanwa bila kupoteza kitu) za chaneli sita kwenye fleshi, mradi programu ya redio na vitoa sauti vyake viwe sita kweli. Siku hizi kuna magari yenye Atmos kutoka kiwandani, Lucid Air ikiwa ya mwanzo, lakini huo ni mfumo mzima wa gari. Hauongezwi kwa kubadili redio.

Sasa mtego unaowakamata wengi. Redio nyingi za Android zina tundu la optiko (waya wa mwanga), na muuzaji anakwambia "hii inatoa 5.1". Ni kweli optiko inaweza kubeba Dolby Digital au DTS ikiwa imebanwa. Lakini DSP nyingi za magari zinaelewa PCM (sauti isiyobanwa) ya chaneli mbili peke yake. Ukizipelekea Dolby iliyobanwa unapata ukimya, au kelele kali ya mchanga inayoweza kuunguza twita (spika ndogo ya sauti za juu). Kabla ya kununua, soma kwenye karatasi ya vipimo kama kifaa kinafasiri Dolby Digital chenyewe. Alpine PXA-H701 ya zamani ilifasiri, na bado inatafutwa kwa sababu hiyo.

Jambo la mwisho kwa wenye diski: chaneli ya besi ya 5.1 inarekodiwa ikitegemea kichezaji kuiongeza dB 10. Kifaa kisichofanya hivyo kinakuacha na besi dhaifu kwenye diski za saraundi na besi nzuri kwenye stirio. Watu wanalaumu sabufa bure. Ongeza kiwango cha chaneli hiyo pekee.

Mpenda_Rumba

Nimeelewa. Kwa hiyo kwa sisi wenye stirio tu, hakuna saraundi?

fundi_waya

Ipo, na kwa muziki wa kawaida inaweza kukuridhisha zaidi kuliko diski. Stirio ina habari mbili: kile kinachofanana kushoto na kulia, kama sauti ya mwimbaji, besi na kiki ya ngoma, na kile kinachotofautiana, kama mwangwi wa ukumbi, makofi, magitaa yaliyopelekwa pembeni. Vichakataji kama Dolby Pro Logic II na Logic 7 vinatenganisha hivyo viwili: kinachofanana kinakwenda spika ya kati, tofauti inakwenda nyuma.

Ukiwa na Pro Logic II, tumia hali ya muziki, siyo ya filamu. Ya filamu inavuta karibu kila kitu katikati. Kwenye hali ya muziki kuna kipimo cha upana wa kati, 0 hadi 7. Sifuri inampeleka mwimbaji kwenye spika ya kati peke yake, saba inamrudisha kwenye milango yote miwili. Spika ya kati ya inchi 3 haiwezi kubeba mwimbaji peke yake, basi anza na 4. Ukisikia sauti yake imekuwa nyembamba kama ya simu, panda hadi 5.

Faili nazo zina neno. MP3 za kbps 128 kushuka chini, hasa zilizogeuzwa kutoka video za mtandaoni, zimeokoa nafasi kwa kuharibu ile tofauti ya kushoto na kulia. Kwa stirio huoni sana. Ukiipanua kwenda nyuma, unasikia maji yanayochemka kwenye matoazi. Tumia kbps 320 au FLAC. Na rekodi nyingi za zamani za dansi ni mono: kushoto na kulia ni kitu kimoja, tofauti ni sifuri, kwa hiyo spika za nyuma zitanyamaza. Hazijaharibika.

BesiNzito

Mimi sina Pro Logic, nina DSP ya chaneli nane za kutoa. Inawezekana kutengeneza hiyo tofauti kwa mkono?

chaneli_sita

Inawezekana, ikiwa DSP yako inakuruhusu kuchanganya maingizo na kugeuza fezi ya ingizo moja. Kwa chaneli ya nyuma kushoto weka ingizo la kushoto 50% na la kulia 50% lenye fezi iliyogeuzwa. Nyuma kulia, kinyume chake. Kisha kata chini ya Hz 300 na juu ya takriban Hz 3500, chelewesha ms 15 hadi 20 juu ya ule muda wa umbali.

Kata ya juu ina sababu: vilio vya s na matoazi vikitoka nyuma, sikio linageuka kuvitafuta na jukwaa la mbele linavunjika. Ucheleweshaji nao unaufanya ubongo uishike sauti ya mbele kuwa ndiyo chanzo, na ya nyuma iwe ukumbi.

Kiwango: pandisha nyuma hadi uzisikie wazi, kisha shusha hadi usizitambue tena kama spika. Ukizima nyuma ghafla na gari likahisi limesinyaa, umepata. Ukizima na usihisi kitu, ongeza dB 1 hadi 2.

Twita255

Hiyo ms 15 mimi naiweka hata kwenye DVD ya 5.1, inapanua vizuri.

chaneli_sita

Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Kwenye 5.1 halisi mhandisi ameshaamua nini kitoke nyuma na lini. Ukiongeza ms 15, gita lililopangwa nyuma linabaki nyuma ya mdundo na kiitikio kinakuwa na mwangwi ambao haupo kwenye rekodi. Kwa chaneli halisi weka muda wa umbali tu. Hifadhi mipangilio miwili: mmoja wa diski, mmoja wa stirio.

njoro_254

Sasa niaje watu wa sauti. Kuna fundi hapa Nairobi anataka kuniwekea spika ya kati kwa kuunganisha kushoto na kulia pamoja. Niko na DSP lakini haina Pro Logic. Nimkubalie?

fundi_waya

Usikubali, ndugu. Kushoto ukijumlisha na kulia bila kichakataji kinachotenganisha, kila kitu kilichokuwa pembeni kinavutwa katikati pia. Jukwaa linapungua upana na unakuwa umelipia spika ya kukuharibia stirio. Spika ya kati ina maana ukiwa na diski ya 5.1 au kichakataji cha kweli. Ukikosa hivyo, mwimbaji wa katikati unampata kwa muda uliopangwa vizuri kwenye milango miwili, ila kwa kiti kimoja. Fedha hiyo itie kwenye milango yako.

BesiNzito

Milango ifanyiwe nini hasa?

fundi_waya

Hapa ndipo besi ya kati inapopotelea. Spika ya mlango inasukuma hewa mbele na nyuma. Hewa ya nyuma ikipata matundu makubwa kwenye bati la ndani, inazunguka, inakutana na ya mbele na kuifuta. Wofa ya bei kubwa kwenye mlango uliotobokatoboka inapigwa na wofa ya kawaida kwenye mlango uliozibwa.

Fungua kava, toa ile nailoni, safisha bati kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Bati la nje, lile la upande wa mvua, bandika butili (shiti ya mpira inayonata yenye foili) ya mm 2 ukianza na eneo lililo nyuma ya spika. Nusu ya bati inatosha kuua mtetemo, usijaze mlango uzito. Ipige kwa rola hadi michoro ya foili ilale bapa. Kisha ziba matundu ya bati la ndani. Matundu makubwa yawekee kwanza kipande cha aluminiamu au plastiki ngumu na riveti, halafu butili juu, maana butili peke yake kwenye tundu pana itapumua kama ngozi ya ngoma.

Tundu za kutolea maji chini ya mlango usiziguse. Ukiziziba, mlango unaoza kutoka ndani.

Na tafadhali, ile ya lami ya kuzibia mabati ya nyumba siyo mbadala. Gari likisimama juani Dar au Mombasa inalainika, inanuka, na inadondoka juu ya mashine ya kioo. Ukikuna kona yake kwa ukucha ikanuka lami, irudishe dukani.

Spika ikae kwenye ringi ya mbao ngumu iliyopakwa rangi au ya plastiki nene, na sponji kuzunguka uso wake ili sauti itoke kwenye wavu wa kava badala ya kuingia ndani ya kava. Kabla ya kukaza skrubu, shusha kioo hadi mwisho uone kama sumaku inaguswa.

chaneli_sita

Naongeza mahali pa spika za nyuma. Kiwango cha kimataifa cha 5.1, ITU-R BS.775, kinaweka za pembeni kwenye nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele ya msikilizaji, yaani ubavuni na nyuma kidogo. Kwa dereva, milango ya nyuma inakaribia hapo. Kile kirafu cha nyuma cha gari la saluni kipo mbali mno nyuma na kinapiga sauti juu ya kioo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua milango.

Twita255

Naombeni namba za krosova (mipaka ya masafa ya kila spika) na namna ya kuseti geni (kiwango cha ishara kwenye amplifaya). Wengi tunazungusha hadi ikwaruze kisha tunarudisha kidogo.

fundi_waya

Krosova za kuanzia, zote kwa mteremko wa dB 24 kwa oktavu: sabufa LPF (inapitisha yaliyo chini tu) Hz 80. Milango ya mbele ya inchi 6.5 HPF (inapitisha yaliyo juu tu) Hz 80. Spika ya kati ya inchi 3 au 4 HPF Hz 250. Nyuma HPF Hz 100. Twita ikiwa na chaneli yake peke yake, HPF Hz 3500. Usishuke chini ya hapo bila kusoma karatasi yake, twita inakufa kimya kimya.

Usishangae sabufa ndogo kusikika kubwa ndani ya gari. Kibanda cha mita 2.8 kinaanza kuikuza besi yenyewe chini ya Hz 60 hivi. Kwa hiyo ukitaka besi zaidi ya chini, mara nyingi shida ni Hz 60 hadi 100, eneo la muungano wa sabufa na milango, na jibu lake ni muda na fezi. Amplifaya kubwa zaidi haitalitatua.

Geni unaiseti kwa multimita. Ikwalaiza zote sifuri, "loudness" imezimwa, redio iwe kwenye robo tatu ya sauti yake. Chomoa spika kwenye amplifaya. Piga toni ya 0 dB (kiwango cha juu kabisa cha rekodi): Hz 50 kwa sabufa, Hz 1000 kwa nyingine. Twita yenye chaneli yake isubiri: ipe toni ya Hz 5000. Mita iwe kwenye volti za AC. Volti unazotafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: wati 75 kwa omu 4 ni volti 17.3, wati 300 kwa omu 2 ni 24.5, wati 300 kwa omu 4 ni 34.6. Ukifika hapo, acha. Tumia wati za RMS (nguvu ya kuendelea), siyo zile zilizochapwa kwenye boksi. Redio iliyoandikwa 50 x 4 inatoa takriban wati 15 hadi 20 safi kwa chaneli, na ndiyo sababu saraundi ya redio peke yake inakwaruza mapema.

Kelele za waya nazo zinaua saraundi, kwa sababu spika za nyuma zinapiga taratibu na kila mlio unasikika.

njoro_254

Hapo umenigusa. Iko mlio ya alteneta nyuma, nikikanyaga mafuta inapanda.

fundi_waya

Fuata hatua moja moja. Zima kila kitu, chomoa RCA (waya za ishara kutoka redio) kwenye amplifaya, washa injini na redio. Mlio ukiendelea, tatizo ni ethi ya amplifaya au waya za spika zinazogusa bodi. Ethi iwe fupi, chini ya sm 50, unene uleule wa waya wa umeme, bati limekwaruzwa rangi kwa msasa hadi ling'ae, bolti na nati yake yenyewe. Bolti za mikanda ya usalama usizitumie.

Mlio ukikoma ulipochomoa RCA, unaingilia upande wa redio, kabla ya amplifaya. Angalia kama RCA imelala pamoja na waya wa betri. Vipitishe pande tofauti za gari. Kisha chukua waya mfupi, gusisha ganda la nje la RCA na bodi ya redio kwa nyuma. Mlio ukipotea, fyuzi ndogo ya ndani ya redio inayoshika ethi ya RCA imeungua. Hutokea pale mtu anapochomeka RCA huku umeme umewaka. Fundi wa redio anaibadilisha.

Waya mkuu: amplifaya ya daraja D ya wati 500 halisi inavuta kama ampea 45. Tumia shaba tupu ya 4 AWG (kipimo cha unene wa waya), fyuzi ndani ya sm 45 kutoka betri. Kata ncha ya waya ukwangue uzi mmoja. Ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, panda saizi moja au mbili. Na hasi ya spika usiigusishe bodi kamwe: redio za sasa zina umeme pande zote mbili za spika, utaua IC ya kutoa sauti.

MamaHarrier

Habari zenu. Gari langu lilikuja na JBL ya kiwandani. Nikiweka redio mpya nitabaki na spika zote?

chaneli_sita

Dada, usimruhusu mtu akate waya kabla ya kuuliza hili. Magari mengi ya Toyota yenye JBL yana amplifaya yake mahali pengine, na inasubiri kuamshwa na redio ya kiwandani. Ukiweka redio mpya kwa plagi ya kawaida, spika zote zinanyamaza. Dai kisanduku cha CAN (kinachoiunganisha redio na mtandao wa gari) kilichotajwa wazi kuwa ni cha gari lenye amplifaya. Pili, baadhi ya spika hizo ni za omu 2. Fundi azipime kwa mita kabla ya kuziunga moja kwa moja kwenye redio inayotaka omu 4.

Ukitaka kubaki na redio ya kiwandani, chukua ishara kutoka amplifaya yake kwenda kwenye DSP yenye maingizo ya waya za spika. Ila pima kwanza: kiwanda huwa kinapunguza besi kadiri sauti inavyopanda, na kinagawa twita na wofa. DSP inabidi ijumlishe tena hivyo viwili, vinginevyo utasikia shimo kwenye sauti za waimbaji.

MamaHarrier

Asante sana. Na watoto wanaokaa nyuma, wao wanasikia nini katika mpangilio huu wa dereva?

chaneli_sita

Wanasikia vibaya, hasa ukitumia ile njia ya tofauti. Spika iliyo karibu nao haina mwimbaji kabisa. Hifadhi mpangilio wa pili wa familia: nyuma ipewe stirio kamili, HPF Hz 100, bila kata ya juu na bila zile ms 15. Muda wa kushoto na kulia uufanye sawa kila safu, ili asipendelewe mtu. Nyuma iwe chini ya mbele kwa dB 2 hadi 3. Ukiwa na spika ya kati na kichakataji chake, iongeze dB 1, maana ndiyo pekee inayowapa dereva na abiria wa mbele mwimbaji mmoja mahali pamoja. DSP nyingi zinakuruhusu kubadili mpangilio kwa kitufe cha waya kinachofungwa karibu na gia. Mwambie fundi akifunge siku hiyohiyo, kabla hajarudisha kava za dashibodi.